Taa Tatu, Ntyuka

Kisanduku nimekipaka masizi ndani,
masizi ya sufuria ya mama, nimeyakoroga na gundi,
kwa kuwa rangi nyeusi ya dukani inang'aa
na mwanga unaorudi bila kuitwa huharibu hesabu.
Kuna feni, nimeitoa kwenye kompyuta iliyokufa.
Inavuta hewa ya Ntyuka polepole,
kama mtu anayeonja mlenda wa moto.

Taa ni tatu.
Ya bluu, wimbi lake fupi, hatua za kitoto.
Nyekundu, wimbi refu kidogo.
Ya tatu haionekani.
"Hiyo umepigwa, mwanangu," akasema mama. "Kadai pesa yako."
Nikamwonyesha kwa kamera ya simu:
kumbe inawaka, zambarau hafifu, kama ua la kunde.
Akanipokonya simu, akaielekeza jikoni,
ukutani, usoni kwangu,
akitafuta vingine vinavyowaka kwa siri.

Nikamweleza huku namenya viazi:
moshi ni chembe ndogo mno,
humrudisha bluu, mwekundu humwacha apite.
Vumbi la jiwe ni nene, halichagui,
hurusha zote tatu sawasawa,
kama ng'ombe katikati ya barabara,
baiskeli au lori kwake ni mamoja.

Chisawilo, mwenye mtambo wa kokoto,
alikwisha sema mbele ya mtendaji wa mtaa:
"Hawa wanawake wanakohoa moshi wa majiko yao."
Nikaapa kumjibu kwa safu tatu za namba.

Usiku saba, mchana saba.
Daftari lenye jedwali la kuzidisha nyuma.
Saa nne asubuhi mtambo unanguruma,
safu tatu zinapanda pamoja, wanafunzi kwenye paredi.
Nikacheka peke yangu.
Saa moja jioni bluu inaruka, zenzake zimekaa.
Nikaacha kucheka.
Ni jiko letu. Ni mkaa tunaouwashia mfuko wa plastiki.
Chisawilo hakukosea kote,
na hilo nikaliandika, kalamu ikikwaruza.

Lakini saa kumi kasorobo, alfajiri,
mtambo kimya, jiko majivu,
upepo wa Agosti ungali umejikunyata nyuma ya mlima,
zote tatu zinapanda. Pamoja.
Dakika sita, halafu zinaanza kushuka.
Siku ya kwanza nikasema waya umelegea.
Ya pili, panya.
Ya tano nikakaa macho.

Mama alikuwa uani, gizani,
anakung'uta sweta lake la machimboni
kwa kiganja, taratibu, kama anayembembeleza mtu,
ncha ya kitambaa cha kichwa kaiuma menoni
kikohozi kisitoke.
Maji ya bomba huja Jumanne; kufua ni Jumanne.
Na Lechipya, mjukuu wake, akiamka tu
hukimbilia kifuani pake, kwenye sweta hilohilo.

"Likitua kabla hajaamka, halimpati," akaninong'oneza.
"Saa kumi na moja huwa limeshatua."

Nikarudi kwenye daftari.
Kwa vumbi nene, mama alikuwa sahihi:
nyekundu imelala, ile isiyoonekana imelala.
Ila bluu, hata saa kumi na mbili,
ina mstari mwembamba usiotaka kushuka,
unga wa jiwe mwepesi kuliko usingizi wa mtoto,
unaelea juu ya kitanda.
Sikumwambia.
Bado sijamwambia.

Fomu ya mtendaji ina nafasi ya chanzo.
Nimeandika: mtambo.
Nimeandika: jiko.
Nafasi ya tatu naitazama tangu juzi.
Mwanga unajua chembe ina ukubwa gani,
haujui imetoka kwenye nguo ya nani,
wala ilikung'utwa kwa nia gani.

Mama anachungulia mlangoni.
Luku imebaki yuniti mbili, anauliza
kisanduku hiki kinakula kiasi gani.
Kidogo sana, namwambia.
"Hata hivyo zima hizo mbili," anasema,
"uache ile isiyoonekana."